Ukate wapi unapohariri hadithi

Umeuliza ukate wapi, maana kila sentensi unaiona ina kazi. Mimi ningeanza na "aliona", "alisikia", "alihisi kwamba". Tazama hii: "Asha alisikia mlango ukianza kufunguliwa taratibu, akageuza kichwa chake kutazama nyuma." Ibaki hivi: "Mlango ukafunguka taratibu. Asha akageuka." Msomaji tayari anasikia kwa masikio ya Asha, na kugeuka kumeshabeba kichwa na kutazama. "Taratibu" nimeiacha makusudi, ndiyo inayotia hofu. Kisha soma kwa sauti. Ulimi ukikwama, rudi uhariri hapo. Ila mazungumzo usiyakate kwa pupa, tafadhali. Mtu anayeficha jambo huzungukazunguka, na ukimnyoosha usemi wake unamfuta yeye mwenyewe.