Tazama pembezoni kabla hujaandika mwaka

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: mtu akipata picha za zamani za mitaa ya mji, pamoja na kiwanda ambacho leo hakipo, atajuaje ni za lini, na aziamini kiasi gani? Kwa kifupi, jengo lililolengwa na mpiga picha husaidia kidogo kuliko vitu vyote vilivyomo. Soko au kiwanda huweza kukaa miaka 80 sura ileile. Kinachobadilika upesi ni vile ambavyo mpiga picha hakuvijali: nyaya, taa za barabarani, vibao vya maduka, magurudumu, matangazo yaliyobandikwa ukutani.

Geuza picha kwanza. Kama ni postikadi, angalia iwapo mgongo wake umegawanywa kwa mstari, upande mmoja wa ujumbe na mwingine wa anwani. Uingereza iliruhusu mpangilio huo mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Kabla ya hapo mgongo mzima ulikuwa wa anwani tu, na salamu zikabanwa upande wa picha. Lakini hiyo ni tarehe ya kadi, si ya picha. Wachapishaji waliuza mandhari ileile miaka nenda rudi, na wengine walilitoa kabatini bamba la kioo la zamani, yaani negativu ya picha, wakalichapa kwa mgongo mpya. Muhuri wa posta nao hukupa ukomo wa juu peke yake, yaani picha haikupigwa baada ya siku hiyo. Wengi hujikwaa hapa: wanasoma muhuri wa 1912, wanaandika "mtaa ulivyokuwa 1912", kumbe nyumba zinazoonekana zilikuwa zimeshabomolewa.

Kisha chukua lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona nukta zilizojipanga safu, hiyo ni chapa ya mashine. Usipoona nukta ila kijivu kinachofifia polepole, huenda ni picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi yenye chumvi za fedha. Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Chapa ilipita mikononi mwa fundi aliyeruhusiwa kufuta nyaya, kuongeza mawingu, hata kutia moshi kwenye dohani ili kiwanda kionekane kiko kazini. Kadi za rangi za kabla ya 1914 nyingi zilipakwa rangi mbali na mji wenyewe, na watu ambao hawakuwahi kuuona. Paa jekundu la kadi ya namna hiyo si ushahidi wa vigae.

Hata picha halisi ya nyeusi na nyeupe ina hila yake. Mabamba mengi ya zamani hayakuhisi mwanga mwekundu, na buluu iliyachoma kupita kiasi. Ndiyo maana anga hutoka nyeupe tupu, ukuta wa matofali mekundu unakuwa kama umepakwa lami, na herufi nyekundu juu ya kibao cheusi hupotea kabisa. Usiseme kibao kilikuwa kitupu mpaka umejaribu kuongeza mwanga kwenye sehemu za giza.

Ukiwa na tochi ya urujuanimno (UV), mulika karatasi gizani. Ikiwaka weupe wa buluu, ina kemikali ya kung'arisha ambayo viwanda vya karatasi za picha vilianza kuitumia takriban miaka ya 1950, kwa hiyo "picha ya 1910" inayowaka ni nakala ya baadaye. Isipowaka, haijathibitisha lolote.

Nyaya zina somo lake. Watu hudhani nguzo yenye nyaya nyingi ndiyo ya karibuni zaidi, na mara nyingi ni kinyume. Simu za mwanzo zilihitaji waya wake kwa kila laini, ndipo unapoona mbao za kukingama zilizojaa vikombe vidogo vya kaure. Baadaye nyaya hizo zilikusanywa ndani ya kebo moja nene au zikafukiwa chini, na nguzo ikabaki nyepesi.

Tuje kiwandani, penye utamu na penye makosa mengi. Dohani isiyotoa moshi haimaanishi kiwanda kimekufa. Huenda ilikuwa siku ya mapumziko, au mota za umeme zilishachukua nafasi ya mvuke na dohani ikaachwa tu kwa sababu kuibomoa ni gharama. Tazama tawi la reli linaloingia langoni. Reli inayopitiwa na mabehewa husuguliwa juu ikang'aa, na kwenye picha inatoka kama uzi mweupe. Isiyopitiwa hushika kutu, inatoka nyeusi, na majani huota kati ya mataruma. Mistari hiyo miwili myembamba huniridhisha kuliko moshi wowote.

Paa la meno ya msumeno lina vioo upande mmoja tu, ule usiopigwa na jua kali: kaskazini kwa nchi za kaskazini ya ikweta, kusini kwa zile za kusini yake. Basi paa hukuambia kamera ilitazama wapi, na pia hukufichulia picha iliyochapwa kinyume, maana bamba la kioo likigeuzwa kushoto huwa kulia. Jengo jembamba lenye urefu wa kupindukia huenda ni la kusokota kamba. Lile la Chatham, Uingereza, lina mita zipatazo 346, kwa kuwa kamba nene ya meli ilinyooshwa yote ndiyo isokotwe. Tangi la gesi ya mji, lile la chuma lililozungushiwa nguzo, hupanda likijaa na kushuka likitumika. Nimeona watu wakitumia kimo chake kupanga picha kwa miaka, wakati tofauti hiyo hutokea kati ya asubuhi na jioni.

Kupata mahali dohani iliyobomolewa ilipokuwa kunawezekana kwa rula na ramani. Katika picha ya kwanza tafuta kona ya jengo lililopo hadi leo ambayo ukingo wake unagusana na dohani. Nenda mtaani ukapate mpiga picha alisimama wapi: chukua jozi mbili za kingo, ya karibu na ya mbali, za majengo yaliyobaki, kisha usogee kushoto na kulia, mbele na nyuma, mpaka zote zigusane kama pichani. Kukuza kwa lenzi hakubadilishi mgusano huo. Kusogea miguu ndiko kunakoubadilisha. Toka hapo chora mstari kwenye ramani upitie ile kona. Fanya vivyo hivyo kwa picha ya pili iliyopigwa kutoka mtaa mwingine. Mistari inapokatana ndipo dohani ilipokuwa. Pembe kati ya mistari ikiwa chini ya nyuzi 30, kosa dogo la rula huwa kosa la jengo zima, kwa hiyo tafuta picha nyingine.

Kuskani: postikadi ya sentimita 9 kwa 14 ifanye kwa nukta 600 kwa inchi, utapata takriban pikseli 2,126 kwa 3,307, na faili la TIFF la rangi la megabaiti 21 hivi. Picha halisi ndogo inastahili 1,200. Chapa ya nukta haina cha kuongeza zaidi ya 600. Utakuza nukta tu. Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu madoa na wino wa mihuri hutofautishwa kwa rangi. Picha iliyonata kwenye kioo cha fremu usiibandue: unyevu ulishalainisha jelatini, yaani tabaka linalobeba picha, ikashikana na kioo, na ukivuta sura inabaki kiooni. Skani pamoja na kioo chake.

Maneno yaliyoandikwa nyuma yanakili kama yalivyo, pamoja na makosa yake, na maoni yako yaweke mahali pengine. Penye mwaka andika mipaka miwili na sababu zake: "kadi ya Uingereza: kuanzia 1902, mgongo umegawanywa; si baada ya Agosti 1912, muhuri." Ukiwa na mpaka mmoja tu, andika huo mmoja.