Laki moja mkononi, ninunue mita gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Morogoro, nafanya waya za nyumba na sola ndogondogo. Mita yangu ya njano ya kupimia umeme juzi imeniaibisha kwa mteja, betri ya gari inasoma volti 15 na gari limezimwa! Nimejichanga nina laki moja, ila dukani kila mtu anasifia yake. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo ya njano kabla hujaitupa ibadilishe kwanza betri ya 9V, manake hizo DT830 (ndo jina la hizo mita za njano za bei rahisi) betri ikichoka hazizimi, zinaanza kudanganya kwenda juu, na hivyo ndo mtu anajikuta anamng'olea mteja kontrola ya sola (kile kifaa kinachoongoza chaji ya betri) isiyo na kosa lolote, akidhani inazidisha chaji.

Ila hata ikipona usiipeleke tena kwenye umeme wa nyumba. Soma pembeni ya tundu la 10A, wameandika wenyewe UNFUSED, yani hapo hamna fyuzi, ni waya mtupu. Mimi nishawahi kupima ampea za betri, nikasahau waya mwekundu humohumo, nikaenda kuangalia volti kwenye soketi... mwanga wa bluu, ncha ikayeyuka, breka ikaanguka, na mama mwenye nyumba ananiangalia tu.

Sasa laki yako. Usihesabu vipimo, sijui joto, sijui transista, utavitumia lini? Muombe muuzaji afungue mgongo. Ukiona fyuzi ya kioo kile kidogo chenye uzi ndani, mrudishie, ukiona ya kauri nyeupe nene hapo tuongee. Halafu tafuta CAT III 600V, ndo daraja la kufanyia kazi kwenye soketi na meinswichi, ila stika kila mtu anaweza kuprinti ndo maana nakwambia wafungue.

Kwa waya za nyumba mimi napenda Fluke 101. Haipimi ampea kabisa (kwahiyo kwenye hii usitafute fyuzi), mafundi wengi wanaidharau kwa hilo, mi ndo naipendea hapo, maana lile kosa langu hata ukitaka huwezi kulifanya. Inaweza kukuzidi hela kidogo, na feki zipo, ukiuziwa kwa bei ya chipsi ujue. Pia sio True RMS, yani ile inayopima sawasawa hata wimbi la umeme likiwa halina umbo la kawaida, kwahiyo kwenye inveta za bei rahisi zenye wimbi la ngazingazi inaweza kusoma 180 wakati umeme uko 230, usije ukamfokea mteja bure.

Ampea za sola ni klampu mita, ile yenye taya za kuzungushia waya, siku nyingine ukipata hela, ila nyingi za bei chee zinasoma AC tu, na sola ni DC, angalia kama kuna A yenye mstari mnyoofu na vidoti chini yake.

Na kabla hujalipa, weka kwenye omu (alama ya Ω, na kama ina ngazi za kuchagua weka 200), gusanisha zile ncha mbili, utaona kama 0.3 hivi. Sasa tikisatikisa waya. Namba ikirukaruka mwambie alete waya nyingine.