Uchaguzi mdogo ni hesabu ya vituo

Swali la wiki lilikuwa: mwaniaji wa ubunge katika uchaguzi mdogo, ule wa kujaza kiti kilichobaki wazi, atumie wapi pesa na muda wake?

Avitumie kwenye sajili ya wapiga kura na kwa mawakala, yaani watu wake wa kulinda kura vituoni. Helikopta na fulana zikipatikana ni sawa, zikikosekana pia hakuna kilichoharibika.

Tazama eneobunge la Malava, kaunti ya Kakamega nchini Kenya, Novemba 27, 2025. David Ndakwa wa chama cha UDA alitangazwa mshindi kwa kura 21,564 dhidi ya 20,210 za Seth Panyako wa chama cha DAP-K. Tofauti ni kura 1,354. Hata tukikadiria kwamba eneobunge lina vituo 150 pekee, hizo ni kura tisa kwa kila kituo. Yaani boma moja ambalo hakuna aliyepiga hodi.

Jambo la kwanza ambalo timu nyingi hulisahau: kiti kikishatangazwa kuwa wazi, usajili wa wapiga kura katika eneo hilo husimama hadi uchaguzi upite. Kwa hiyo anayepanga kusajili marafiki kutoka eneobunge jirani anachoma mafuta bure. Walio kwenye sajili ndio hao hao. Na walio Nairobi au Eldoret usiwahesabu. Uchaguzi mdogo hauwarudishi watu nyumbani jinsi Krismasi inavyowarudisha.

Chukua sajili, uigawe kituo kwa kituo. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, ndiyo maana shule moja ya msingi huweza kuwa na vituo viwili au vitatu. Sasa piga hesabu. Tuseme eneobunge lina wapiga kura 100,000 na wanajitokeza asilimia 40. Hizo ni kura 40,000, na mbio zikiwa za farasi wawili, mshindi anahitaji elfu ishirini na kitu. Kwa vituo 150, ni kama watu 135 kila kituo. Tafuta watu 14 wanaojulikana pale kijijini, kila mmoja abebe majina kumi ya majirani zake. Majina, si makadirio. Mtu akikwambia "huku kwetu ni kwako asilimia mia", mwombe orodha uone atakavyoanza kukuna kichwa.

Siku ya kura, vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Kabras, huko huko Malava, ni nchi ya miwa: wakataji hutoka alfajiri, na mvua ya Novemba hupenda kunyesha mchana. Yule jirani mwenye majina kumi ahakikishe watu wake wamepiga kura kabla ya saa sita. Anayengoja "foleni ipungue" mara nyingi haendi.

Anayewania bila chama ana mzigo mwingine. Anahitaji wapiga kura wasiopungua 1,000 wa eneobunge hilo wanaomuunga mkono, wala wasiwe wanachama wa chama chochote. Wengi wameandikishwa vyamani bila kujua, kwa hiyo akusanye majina ya ziada, tena mapema.

Sasa mawakala, na hapa ndipo pesa inapopotelea. Kosa la kawaida ni kuwateua mashemeji na wapambe wa mikutano. Wakala mzuri ni mtu anayeandika vizuri, anayeweza kujumlisha bila simu na asiyeogopa kubishana kwa adabu. Kila kituo kiwe na wakala mmoja ndani na wa akiba nje. Wote wawe na barua za uteuzi na wawe wamekula kiapo cha usiri kabla ya siku yenyewe.

Asubuhi wakala aone debe la kura likiwa tupu na aandike nambari za vifungio vyake. Usiku, wakati wa kuhesabu, kura ambayo alama yake imetoka kidogo nje ya kisanduku haiwi mbovu kwa sababu hiyo pekee, mradi nia ya mpiga kura ionekane wazi. Afisa msimamizi wa kituo akiikataa, wakala apinge papo hapo ili pingamizi liandikwe juu ya karatasi ile ile. Asipofungua mdomo pale, hakuna atakayemsikia baadaye. Anaweza pia kuomba kura zihesabiwe upya, lakini si zaidi ya mara mbili.

Kisha Fomu 35A, ile ya matokeo ya kituo. Ajumlishe kura za wawaniaji wote alinganishe na jumla ya kura halali. Akague kama 1 haijasomwa 7, na kama kura za mwaniaji wa tatu hazijateremka kwenye mstari wa nne. Aondoke na nakala, na aipige picha ile iliyobandikwa ukutani. Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2017, katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, kwamba matokeo ya kituo ni ya mwisho. Fomu 35B ya eneobunge huyajumlisha tu.

Mawakala wengi hutoroka kabla ya fomu kutiwa sahihi. Sababu si usaliti. Ni njaa, giza na malipo ya shaka. Peleka chakula saa saba na tena saa moja usiku, panga boda boda ya kumrudisha nyumbani, na nusu ya malipo yake umpe anapokukabidhi nakala ya 35A. Nakala hizo zikusanywe usiku huo huo mahali pamoja, zipangwe kwa wadi. Ukitaka kwenda Mahakama Kuu una siku 28 tu tangu mshindi atangazwe, na wakili atakachokuuliza kwanza ni hizo karatasi.