Swali la Lugha: Mfupa hausafiri, husogezwa

Msomaji wetu mmoja, binti anayemuuguza baba yake aliyevunjika muundi katika ajali ya bodaboda, ameniletea nakala ya kijikaratasi alichopewa mzee wodini pamoja na swali fupi. Kijikaratasi kinakiita chombo alichofungwa baba yake «kifaa cha usafirishaji wa mfupa wa taratibu», naye anataka kujua kama neno sahihi ni usafirishaji au uhamishaji. Kabla hajanishukuru kwa jibu, namwomba aniwie radhi, kwa maana nimekisoma kijikaratasi chote na kilichonikosesha usingizi kipo mstari wa nne.

Lakini kwanza tukitazame chombo chenyewe, kwa sababu jina la kitu hupimwa kwa kazi yake. Kinachoitwa wodini «vyuma» ni pete za chuma zinazouzunguka mguu kwa nje, kila pete ikiwa imeshikwa na waya nyembamba, za milimita 1.5 au 1.8, zilizopenya ngozi na mfupa na kutokea upande wa pili, kisha zikakazwa mpaka zikawa kama spoki za baiskeli. Pete huunganishwa na fito za chuma zenye nyuzi za skrubu, na juu ya fito hizo ndipo zilipo nati. Ubunifu huu ni wa daktari Gavriil Ilizarov, aliyeanza kuutumia mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Kurgan, Siberia. Pale ambapo ajali au usaha umekula kipande kizima cha mfupa na kuacha pengo, daktari huukata mfupa uleule kwenye sehemu yenye afya, mahali palipo mbali na jeraha, akaacha zipite siku 5 hadi 7, kisha kile kipande kilichokatwa, kilichoshikwa na pete ya katikati, huanza kuvutwa kuelekea kwenye pengo. Nyuma yake, pale kinapotoka, mwili hujaza mfupa mchanga. Mwendo wa kawaida ni milimita 1 kwa siku. Ukienda mbio, mfupa mchanga haupati nafasi ya kujijenga; ukizembea, mkato hufunga kabla ya safari kwisha.

Naam, nimeandika «safari», na hapo nimempa mwandishi wa kijikaratasi nusu ya haki yake. Safari ni neno la Kiarabu tulilolizoea hata tukasahau kwamba ni mgeni, na kusafirisha ni kumfanya mtu au mzigo aende safari: mahindi husafirishwa, maiti husafirishwa, abiria husafirishwa. Msafiri huondoka mahali, na kipande hiki cha mfupa hakiondoki mguuni. Kuhama nako ni kuacha makao ya zamani na kwenda kukaa kwingine, na ingawa hilo liko karibu zaidi na jambo lenyewe, linanukia mikokoteni na magodoro. Kitenzi tulicho nacho tangu utotoni, tunachomwambia mtu aliyekaa kwenye benchi ili nasi tupate pa kukaa, ni sogea. Mwenye kusogea huenda kidogo, hubaki kwenye benchi lilelile, na huacha nafasi nyuma yake. Sijui kama lugha yoyote ingeweza kukieleza kipande kile vizuri zaidi ya hapo. Tena kwa kuwa mfupa hausogei wenyewe, tunacho kiambishi cha kumfichua anayeusogeza: mfupa husogezwa. Basi jibu la swali ni kusogeza mfupa, na chombo ni kifaa cha kusogezea mfupa.

Kuhusu «mfupa wa taratibu» nitapita haraka. Kwa mpangilio ule wa maneno, wenye taratibu ni mfupa, kana kwamba ni mfupa uliolelewa vyema usiopaza sauti mbele ya wakwe. Kilichokusudiwa ni kuusogeza mfupa taratibu. Hamisha neno, au lisogeze, na kosa limekwisha.

Sasa mstari wa nne. Unasema hivi: «Mgonjwa atapaswa kufanya zoezi la usafirishaji wa mfupa mara nne kwa siku.»

Binti ananiandikia kwamba baba yake, mzee mtiifu, aliposomewa sentensi hiyo aliuliza kama anatakiwa kutembea uani mara nne au kukunja goti mara nne. Mzee hakukosea hata chembe. Zoezi linatokana na kuzoea, kwa njia ya kuzoeza. Ni jambo unalolirudia ili mwili au akili ilizoee. Mwanafunzi ana daftari la mazoezi, askari wana mazoezi, mwimbaji hufanya mazoezi kabla ya kupanda jukwaani. Lakini kwa miaka mingi sasa tumelitwisha neno hili kila shughuli inayofanywa na watu zaidi ya mmoja wenye kitambulisho shingoni. Tuna zoezi la kuhesabu kura, zoezi la kuandikisha wapigakura, zoezi la kubomoa vibanda, zoezi la ugawaji wa vyandarua. Nimewahi kusikia kwa masikio yangu, msibani, mshereheshaji akitutangazia «zoezi la kuaga mwili», nikajiuliza marehemu tutamwaga mara ngapi mpaka tuzoee.

Msibani neno hilo liliniudhi tu, ila wodini linaweza kudhuru. Ukurasa wa kwanza wa kijikaratasi hichohicho unazungumzia «zoezi la ukataji wa mfupa», na ndugu wa mgonjwa ana kila sababu ya kuuliza kama daktari anafanya kazi au ndiyo kwanza anajifunza. Tena mgonjwa wa vyuma hivi anayo mazoezi yake ya kweli, ya kukunja na kunyoosha goti na kifundo ili viungo visikakamae, na mazoezi hayo hayana uhusiano wowote na nati. Mtu akiyachanganya mawili haya, atakunja goti kwa bidii mara nne kila siku huku nati zimetulia tuli, na mkato wake utajifunga ukimngoja.

Na tazama jinsi sentensi ile ilivyokimbia kitenzi. Atapaswa kufanya zoezi la usafirishaji wa mfupa: ni maneno saba, na hakuna hata moja linalomwambia mzee ashike nini. Fundi wa gereji hamwambii kijana wake «fanya zoezi la ukazaji wa nati». Humwambia «kaza nati», na kijana hukaza. Kwenye vyuma vya aina hii, fito huwa na nyuzi ambazo mzunguko mmoja kamili wa nati huisukuma pete milimita 1, kwa hiyo robo mzunguko ni milimita 0.25, na robo nne katika siku ndizo zinazotimiza ile milimita. Mgawanyo huo si wa mapambo: Ilizarov aliona katika majaribio yake kwa mbwa kwamba milimita ileile moja, ikigawanywa katika vipande vidogo zaidi, hata 60 kwa siku kwa chombo kinachojizungusha, mfupa mchanga hujengeka vizuri zaidi. Bandu bandu, kama wasemavyo wakata magogo. Habari yote ya mzee imo katika neno robo, na kijikaratasi hakilitaji.

Husimuliwa kwamba Ilizarov mwenyewe alikuja kugundua nguvu ya kuvuta kwa sababu mgonjwa mmoja, aliyeagizwa kuibana mifupa yake, alizungusha nati kinyume na akaitenganisha, na mfupa mpya ukaota katikati. Bahati ya aina hiyo nisingemshauri mtu aitegemee anapoandika maelekezo.

Nimemwandalia binti sentensi ya kumpelekea daktari aithibitishe: «Asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala, zungusha kila nati yenye alama robo mzunguko kufuata mshale.» Kama mwandishi wa kijikaratasi hawezi kuishi bila zoezi, aliweke ukurasa wa mwisho, pale mzee anapofundishwa kukunja goti.