Maswali ya Wasomaji: Hamsa Ishirini na Wafungwa wa Mnyororo

SWALI: Marehemu babu yangu, mzaliwa wa Pangani, kila alipokasirika alikuwa akituambia, "Leo mtakula hamsa ishirini." Sisi wajukuu tulicheka tu, maana hatukujua ni chakula gani. Juzi nimetumiwa kwenye simu picha ninayowaletea, ya wanaume saba waliofungwa mnyororo mmoja shingoni, nayo imeandikwa chini yake "Watumwa wa Pwani". Mwenzangu anashikilia kwamba hao ni wafungwa wa Mdachi, yaani Mjerumani. Nani mkweli, na je, maneno ya babu yanahusiana na mambo hayo?
Msomaji wenu, Tanga

JIBU: Mwenzako ndiye mkweli. Itazame tena picha yako upande wa kulia, utamwona askari mwenye sare na bunduki begani, na ukuta mweupe ulio nyuma ya wale watu ni wa boma, yaani ngome ya serikali ya Wajerumani. Kosa la kuwaita watumwa limeenea sana, na sehemu ya lawama ni ya macho yetu wenyewe, kwa kuwa tumezoea kuuona mnyororo wa shingoni na kufikiri papo hapo juu ya misafara ya watumwa, ilhali serikali iliyojisifu kwamba imekuja kuukomesha uchuuzi wa watu iliutumia mnyororo uleule kwa wafungwa wake.

Adhabu hizo zilitawaliwa na amri iliyotolewa na Chansela wa Ujerumani tarehe 22 Aprili 1896. Amri iliruhusu Waafrika wahukumiwe viboko, faini, kifungo pamoja na kazi, kifungo cha mnyororo, au kifo. Mwanamume mzima hakutakiwa kuchapwa zaidi ya viboko 25 kwa mara moja, na kama amehukumiwa kuchapwa mara mbili, ile ya pili ilipaswa kungoja wiki mbili, yaani mpaka majeraha ya kwanza yaanze kukauka. Wanawake hawakuchapwa, wala Waarabu na Wahindi. Vijana wasiotimiza miaka 16 walichapwa kwa fimbo.

Basi hiyo 25 ndiyo hamsa ishirini ya babu yako, maana hamsa ni tano. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na kwa kuwa wengi wa askari wa kwanza wa Wajerumani walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri na Wissmann, kamanda wa Wajerumani, mwaka 1889, mimi sioni ajabu kwamba hesabu ya mapigo iliingia vinywani mwa watu kwa lafudhi hiyo. Chombo chenyewe kilikuwa ukanda wa ngozi kavu ya kiboko, yule mnyama wa mtoni, ndiyo maana kikaitwa jina lake. Leo tunamsifu mchezaji hodari kwa kusema "huyu ni kiboko", na anayesifiwa hufurahi.

Sasa turudi kwenye mnyororo. Kila mfungwa alivishwa pete ya chuma shingoni, kisha mnyororo mmoja ukawaunganisha wote, kwa hiyo aliyejikwaa aliwavuta wenzake, na aliyetaka kujisaidia alikwenda na kundi zima. Wakiwa katika hali hiyo waliteka maji ya boma, walifagia njia, walibeba mawe ya ujenzi na walichimba barabara. Jambo ambalo msomaji wa leo hupitwa nalo kwa urahisi ni hili: bwana shauri wa wilaya ndiye aliyesikiliza kesi, ndiye aliyetoa hukumu, na ndiye huyohuyo aliyehitaji watu wa kuchimba barabara yake. Mwaka 1897 ilipotangazwa kodi ya nyumba, asiyekuwa na rupia za kulipa aliweza kufanyishwa kazi badala yake, na kwa hiyo tofauti kati ya mfungwa na mdaiwa wa kodi, ukiwaona barabarani wameshika majembe, ilikuwa hasa ile pete ya shingoni.

Wala si lazima uwe umeiba au umepigana ndipo ufike huko. Amri hiyohiyo ya 1896 ilimruhusu mwajiri kumpeleka bomani mtumishi wake au kibarua wa mkataba kwa kosa la uvivu au ukaidi, naye akachapwa, akafungwa mnyororo kwa muda usiozidi siku 14, au akapata vyote viwili. Kwenye mashamba ya mkonge na mpira, neno "uvivu" lilipimwa na mwenye shamba mwenyewe.

Hata Berlin hatimaye waliona aibu. Dernburg, aliyesimamia makoloni, alipozuru huku mwaka 1907, baada ya vita vya Maji Maji, alilalamika juu ya wazungu waliokuwa wakitembea na mijeledi mikononi, na gavana Rechenberg alijaribu kuipunguza adhabu ya viboko, jambo lililowaudhi sana walowezi.

Kuhusu utumwa wenyewe, ili usichanganye tena: Wajerumani walikataza biashara ya watumwa, lakini kumiliki mtumwa kuliendelea kutambuliwa kisheria mpaka Waingereza walipokufuta mwaka 1922.

Kwa hiyo mrudishie picha yake aliyekutumia, umwambie afute "Watumwa wa Pwani" na aandike "Wafungwa wa mnyororo, wakati wa Mdachi".