Darasani: Nimepata 19 ya Hesabu kwenye moko

*Walimu wa safu hii wanajibu maswali ya wasomaji wa Mtwara na Lindi*

Shikamooni walimu. Niko Kidato cha Nne, shule ya kutwa, wilaya ya Newala. Kwenye moko, yaani mtihani wa majaribio, nimepata 19 ya Hesabu, yaani F. Kiswahili nina B, masomo mengine C na D. Nikifungua daftari la Hesabu naona giza tu. Mwezi wa kumi nyumbani tutakuwa kwenye korosho na mimi ndiye mkubwa. Wenzangu wananiambia niache Hesabu nisome ninayoyaweza, eti F moja haiharibu divisheni. Ni kweli? Kama si kweli, nianzie wapi? Zimebaki wiki 12. — Binti, Newala

Marahaba, binti. Wenzako wamesema nusu ya ukweli. Divisheni hupigwa kwa masomo 7 uliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Kama umesajiliwa masomo 9 na saba kati ya hayo ukayapata, F ya Hesabu haihesabiwi. Lakini kama umesajiliwa 7 tu, inaingia yote. Mwenye pointi 25 yuko divisheni III na mwenye 26 yuko IV. Pointi hiyo moja ndiyo tofauti ya F na D, na kwa wengi ndiyo inayoamua kama jina litaonekana kwenye orodha ya Kidato cha Tano au la. Zaidi ya hapo, F inabaki kwenye cheti. Diploma za uhandisi huitaka Hesabu kwa jina, na kwenye utabibu, ambako Baiolojia, Kemia na Fizikia ni lazima, kufaulu Hesabu humwongezea mwombaji nafasi. Kwa hiyo usiiache.

Sasa tazama namba yenyewe. D inaanzia 30, C inaanzia 45. Kutoka 19 hadi 30 unahitaji alama 11. Huhitaji kuelewa mada zote za miaka minne ndani ya wiki 12. Unatafuta alama 11, halafu nyingine 15.

Kazi ya kwanza ni karatasi ile ile ya moko ambayo bila shaka umeikunja ukaificha. Itoe. Pitia kila swali na kila alama iliyopotea uiandikie herufi moja pembeni: S kama hukujua kabisa, H kama njia uliijua ukakosea hesabu, L kama hukuelewa lugha ya swali, M kama muda uliisha. Jumlisha kila herufi. Fanya hivi kabla ya kusoma ukurasa wowote, kwa sababu kila herufi ina dawa yake. Anayekosa kwa H halafu akasoma mada mpya usiku kucha atakosa tena kwa H.

H kwa kawaida ni ishara na mabano. Mwanafunzi anaandika 5 − 2(x − 3) = 5 − 2x − 6, wakati hasi mara hasi inatoa + 6. Kosa hilo moja linatembea kutoka aljebra hadi matriksi na vekta, ndiyo maana mtu anaona kama amefeli kila mada. Wiki mbili za mwanzo zipe mambo haya tu: kufungua mabano, kujumlisha na kutoa sehemu zenye asili tofauti, kuhamisha kitu upande wa pili wa mlinganyo. Maswali 15 kwa siku, mafupi. Usione aibu kurudi kwenye kitabu cha Kidato cha Kwanza.

L nayo ni kubwa kuliko watu wanavyokubali. Shule za msingi nyingi hufundisha Hisabati kwa Kiswahili, kisha sekondari swali linakuja kwa Kiingereza. Andika maneno ya amri kwenye jalada la ndani la daftari. "Simplify" ni kurahisisha, si kutafuta x. "Evaluate" inataka thamani ya jibu kwa namba. "Show that" maana yake jibu umeshapewa, alama zote ziko kwenye hatua. Na "hence" inakuambia utumie jibu la kipengele kilichotangulia. Anayeanza upya anamaliza dakika na anaweza kukosa alama hata jibu likiwa sahihi.

Kwa S, chagua mada zenye njia isiyobadilika sana. Karatasi ina sehemu A yenye maswali 10 ya alama 6 kila moja, na sehemu B yenye maswali 4 ya alama 10, na yote ni ya lazima. Chukua karatasi za miaka mitano iliyopita, zipo bure kwenye tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na steshenari wanachapa, uone mada gani hurudi kila mwaka. Sisi tungeanza na takwimu, mfuatano na mfululizo, na hesabu za biashara. Trigonometria na vekta zisubiri.

Takwimu ndiyo mada inayolipa zaidi, na makosa yake yanajulikana. Makundi yakiwa 10–19, 20–29, 30–39, upana wa kundi ni 10, si 9, kwa sababu mpaka halisi wa kundi la kwanza ni 9.5 hadi 19.5. Kwenye wastani wa kati (median) tuseme watu ni 40, kundi lenye mtu wa 20 ni 30–39, lina watu 12, na walio chini yake ni 14. Unaandika 29.5 + (20 − 14)/12 × 10 = 34.5. Aliyeanza na 30 badala ya 29.5 anapata 35 na kupoteza alama za jibu. Kwenye histogramu nguzo zigusane na mihimili iandikwe majina. Hizo ni alama zisizohitaji akili nyingi, zinahitaji rula.

Mfuatano: 5, 8, 11, … Namba ya 20 ni 5 + 19 × 3 = 62. Wengi huzidisha kwa 20, wakisahau kwamba namba ya kwanza haijaongezwa kitu. Jumla ya zote 20 ni 20/2 × (5 + 62) = 670.

Kwenye hesabu za biashara urari (trial balance) ukikataa kulingana, usifute ukurasa mzima. Tafuta tofauti ya pande mbili. Igawe kwa 2, kisha angalia kama kuna kiasi hicho kwenye orodha: huenda umekiweka upande usio wake. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda umegeuza tarakimu, mfano 540 ukaandika 450. Anayeuza kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, anaijua hesabu hii kwa mkono. Mwombe mzazi stakabadhi ya msimu uliopita, ukokotoe makato mwenyewe.

Dunia kama tufe iongeze baadaye ukipata nafasi. Lindi iko karibu na nyuzi 10 kusini, Mombasa nyuzi 4 kusini, na zote ziko karibu na longitudo 40 mashariki. Ziko upande mmoja wa ikweta, kwa hiyo unatoa: nyuzi 6. Umbali ni 6/360 × 2 × 3.14 × 6400, karibu kilomita 670. Mahali pengine pangekuwa kaskazini ungejumlisha. Swali karibu lote linategemea uamuzi huo wa kutoa au kujumlisha.

M, yaani muda. Saa 3 ni dakika 180 kwa alama 100. Swali la alama 6 lina dakika 11 hivi, la alama 10 lina 18. Dakika zikiisha, acha nafasi na uende mbele. Na andika kila hatua, kwa kuwa hatua sahihi hupewa alama hata jibu la mwisho likiharibika. Karatasi nyingi za F zina majibu makavu yasiyo na njia. Msahihishaji hana pa kukusaidia.

Ratiba: dakika 50, siku 5 kwa wiki. Dakika 10 rudia makosa ya jana, 30 maswali mapya bila kutazama majibu, 10 kusahihisha. Swali ulilokosa liandike kwenye daftari la makosa na ulifanye tena baada ya siku 3, kisha siku 10, jibu likiwa limefunikwa. Kusoma jibu na kutikisa kichwa "ndiyo, ndiyo" si kujua. Wiki 4 za mwisho fanya karatasi nzima kila Jumamosi kwa saa 3.

Msimu wa korosho utakukuta wiki hizo hizo. Usimwambie mama "naomba muda wa kusoma", ni ombi lisilo na mipaka na shamba litalimeza. Mwambie: "Mama, naomba Jumatatu hadi Ijumaa baada ya magharibi dakika 50, na Jumamosi saa 2 hadi saa 5 asubuhi, mpaka mtihani uishe. Muda mwingine wote nipo shambani." Kwa mwalimu vivyo hivyo: usiende na "sijaelewa Hesabu". Nenda na swali moja ulilojaribu, uweke kidole pale ulipokwama. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi anaweza kulijibu hilo akiwa anatembea kwenda ofisini.

Mimi ni mzazi, Nachingwea. Kijana wangu yuko Kidato cha Pili, Fizikia kapata 12 kati ya 100. Nimlipie tuisheni, nimhamishe, au nimchape mpaka ashike? Na je, atarudishwa kidato? — Baba wa watoto wanne

Baba, fimbo iache kabisa. Mtoto anayechapwa kwa 12 anajifunza kuficha karatasi, na karatasi ndiyo unayoihitaji. Kuhusu kurudia kidato, upimaji wa Kidato cha Pili huangalia jumla ya masomo. F ya Fizikia peke yake haimrudishi anayefanya vizuri kwingine.

Kabla ya pesa kutoka, hakikisha mambo mawili. Anaona ubaoni? Msimamishe mita 6 kutoka kwenye kalenda ya ukutani asome tarehe, jicho moja moja. Akikwama, mpeleke akapimwe macho kwanza. Na anafika shuleni amekula? Fizikia ya kipindi cha nne kwa tumbo tupu ni kazi ngumu hata kwa mtu mzima.

Kisha mwambie akueleze swali moja kwa sauti. Huhitaji kujua Fizikia, sikiliza tu anapokwama. Mara nyingi ni kwenye vipimo. Kitu chenye gramu 250 na ujazo wa sentimita za ujazo 100 kina densiti ya gramu 2.5 kwa kila sentimita ya ujazo, ambayo ni kilo 2,500 kwa mita ya ujazo. Mtoto asiyejua kubadili gramu kuwa kilo, au sentimita kuwa mita, atakosa densiti, kanieneo na kazi kwa pamoja, na wewe utadhani hajui somo zima. Jioni tatu kwa wiki za kubadili vipimo tu, maswali 10 kila jioni, kwa mwezi mmoja.

Tuisheni ilipie ukiona kalamu iko mkononi mwa mwanafunzi. Ukichungulia dirishani ukakuta watoto 60 wananakili majibu ubaoni, nunua daftari na mafuta ya taa au chaji ya sola kwa pesa hiyo. Kuhama shule katikati ya mwaka hatukushauri. Atapoteza wiki kadhaa akizoea, na pengo la vipimo atahama nalo.

Niko Kidato cha Tano, tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), natokea Kilwa. O-level nilipata B ya Hesabu, sasa Advansi nina 24. Nibadili tahasusi?

Si lazima, lakini amua mapema, kwa sababu kila wiki mada zinasonga na ukichelewa unaingia tahasusi nyingine ukiwa nyuma. Huku F inaishia 34, S ni 35 hadi 39, E inaanzia 40. Jipime kwanza kwa maswali mawili. Andika 2x² + 12x + 5 kwa kukamilisha mraba: ni 2(x + 3)² − 13. Ukipata − 4, umesahau kuzidisha 9 kwa 2. Kisha tenganisha (5x + 1)/((x − 1)(x + 2)) kuwa sehemu mbili: 2/(x − 1) + 3/(x + 2).

Ukimaliza yote mawili ndani ya dakika 15, shida yako ni mazoezi machache, na PCM unaiweza. Ukishindwa, shida si difrensia wala intigrali, ni aljebra iliyo chini yake. Ipe wiki 2 nzima, kisha jipime tena kwa maswali mapya ya aina hiyo. Ukikwama mara ya pili, mwone mwalimu wa taaluma wiki hiyo hiyo, ukiwa na karatasi zote mbili za majaribio mkononi.