Msimbo wa mtu aliyekwisha kuondoka: maswali yenu

Nimekabidhiwa programu ya kupokea wageni ya nyumba moja ya kulala wageni huko Shela. Aliyeiandika kaondoka, faili zapita mia mbili. Nianze wapi? (Msomaji, Langoni, Lamu)

Usisome toka faili ya kwanza hadi ya mwisho. Ya asubuhi yatakuwa yamekutoka jioni. Wewe ni mtu wa Langoni, waona kila siku: mgeni akishuka gatini hakariri vichochoro vyote vya Mkomani. Humfuata mwenye punda aliyebeba mizigo yake mpaka mlangoni, na kesho yake njia hiyo moja anaijua.

Basi chagua kitendo kimoja, tuseme kubonyeza “Thibitisha nafasi”. Maneno hayo hayo ya kwenye skrini yatafute katika faili zote. Ukiyapata, angalia kitufe kinaita fanksheni gani (kipande cha msimbo chenye jina lake), nayo inaita ipi, mpaka ufike data inapoandikwa kwenye hifadhidata. Majina yaandike kwenye karatasi. Programu ikiwa ya lugha mbili, huenda maneno yamo kwenye faili ya tafsiri tu; hapo chukua ufunguo wake, yaani jina fupi lililoandikwa kando ya maneno hayo, uutafute upya.

Kuna fanksheni nimeitafuta kwa grep, haiitwi popote. Niifute? (Msomaji, Malindi)

Ngoja kwanza. grep, chombo cha kutafuta maneno ndani ya faili, ni cha Ken Thompson tangu miaka ya 1970 (jina limetoka kwenye amri ya kihariri cha maandishi ed, g/re/p), nacho hutazama herufi tu. Programu ikiunganisha “tuma_” na “risiti” wakati inaendeshwa, “tuma_risiti” hutaiona hata ukikesha. Nyingine huitwa na kiolezo cha ukurasa, au na cron, chombo cha kuendesha kazi kwa ratiba, usiku wa manane.

Mimi nilifuta moja ya namna hiyo kwenye programu ya mizigo ya maboti. Wiki tatu kimya. Tarehe 1 mwenye maboti akanipigia: ripoti ya mwezi iko wapi? Tangu hapo natafuta vipande vya jina, hata nje ya faili za msimbo, kisha naweka mstari wa logi (wa kuandika kila inapoitwa) ndani ya fanksheni na kuuacha upite mwisho wa mwezi.

Fanksheni yangu inaitwa kutoka sehemu arobaini. Ipi inanihusu?

Iulize programu yenyewe. Ndani ya fanksheni weka traceback.print_stack() kama ni Python, console.trace() kama ni JavaScript, kisha fanya kitendo chako. Itakuchapia nani kamwita nani. Angalia tu: wito wa karibuni Python huuweka chini kabisa, JavaScript huuweka juu.

Nimekuta “if siku == 5”, bila maelezo yoyote.

Kama msimbo umewekwa kwenye git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko, git blame hukuonyesha aliyeugusa mstari mara ya mwisho, na huyo pengine alirekebisha nafasi tupu kati ya maneno tu. Jaribu git log -S "siku == 5": itakupa badiliko lililouleta. Soma ujumbe wake, na faili nyingine zilizoguswa pamoja nao. Halafu, namba ya siku ya wiki: 5 ya getDay() katika JavaScript ni Ijumaa, lakini 5 ya weekday() katika Python ni Jumamosi. Kama ni JavaScript na mwandishi ni mtu wa Lamu, mimi ningekisia sala ya Ijumaa. Namba yake ukiwa nayo, mpigie umuulize. Ila si Ijumaa saa saba mchana.